Kulimia Kitanda na Chakula: Mgeni, Mwanafunzi au Kibarua?

Matangazo yanayowaita vijana wakajitolee kwenye mashamba madogo ya Ulaya, Australia na Amerika ya Kaskazini huifikia Afrika Mashariki yakiwa yamekatwa mkia. Anayeyasoma Dodoma au Kisumu huambulia maneno matatu tu: shamba, ng'ambo, malazi bure. Mmoja anaona ajira, mwingine anaona mlango wa viza, wa tatu anaona utapeli. Upande wa pili, mkulima wa mboga wa Lushoto akiombwa na kijana wa Kijerumani akae naye mwezi mzima akishika jembe, hajui kama amepata mgeni, mtalii, au mfanyakazi wa kigeni atakayemletea maofisa wa uhamiaji mlangoni.

Mkanganyiko huo si wa ujinga. Mpango wenyewe umekaa kwenye njia panda ya mambo manne, yaani ugeni, mafunzo, utalii na kazi, na kila nchi imechora mpaka wake. Hata wanasheria wa nchi moja hawakubaliani. Swali la kama jambo hili ni halali na la haki halina jibu moja, kwa kuwa hesabu yake hugeuka kufuatana na mahali na muda. Mpango ambao kwa majuma mawili ni takrima, kwa miezi mitatu unaweza kuwa dhuluma. Na ambao Uingereza unampunja anayefanya kazi, Lushoto unaweza kumpunja jirani ambaye hata hakushirikishwa.

Ulikoanzia

Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi jijini London, alitaka kupata mahali pa kwenda mwisho wa juma nje ya mji. Hakuwa na shamba, wala ndugu mwenye shamba. Akapanga safari ya majaribio ya watu wanne kwenye shamba la Chuo cha Emerson, Sussex, kusini mwa England, lililokuwa likilimwa bila kemikali za viwandani. Wenyeji waliridhika, watu wakaongezeka, na safari ile ikawa mtandao unaojulikana duniani kwa kifupi chake cha WWOOF. Jina lake la mwanzo lilizungumzia mwisho wa juma wa kazi. Baadaye likawa la wafanyakazi wenye hiari, kisha likabadilishwa tena ili neno mfanyakazi lisionekane kabisa, maana lilikuwa likiwaamsha maofisa wa kazi na uhamiaji. Jina lilibadilika. Palizi ilibaki palizi.

Utaratibu haujabadilika sana. Nchi nyingi zina vyama vyake. Anayetaka kwenda hulipa ada ya mwaka, hupata orodha ya wenyeji, kisha huwasiliana nao mwenyewe. Baina ya mwenyeji na mgeni hakuna fedha inayopita. Mgeni hufanya kazi saa nne hadi sita kwa siku, siku tano au sita kwa juma, naye mwenyeji hutoa kitanda, chakula na maarifa. Mwaka 2001 ulikuja mtandao wa HelpX, na mwaka uliofuata ukaja Workaway. Mitandao hii miwili ilipanua mlango: si lazima shamba liwe la kilimo hai, na wala si lazima liwe shamba. Hosteli, nyumba inayotaka kupakwa rangi, familia inayotaka mtu wa kuwaangalia watoto, vyote viliingia. Sharti la kujifunza lilianza kulegea hapo.

Jambo moja la mwanzo huo husahaulika. Coppard alikuwa na kazi ya kurudia Jumatatu. Mpango ulibuniwa na mtu mwenye mshahara wake, kwa ajili ya watu wenye mishahara yao, kwa siku mbili. Ukichukua kitu kilichobuniwa hivyo ukampa kijana asiye na kipato, kwa miezi sita, katika nchi asiyoijua, umempa kitu kingine.

Vitu vitatu vinavyochanganywa na kujitolea

Cha kwanza ni kazi ya msimu yenye mshahara. Uingereza ilianzisha mwaka 2019 viza ya wafanyakazi wa msimu wa kilimo, kwa majaribio ya nafasi 2,500, na idadi hiyo ikapanda haraka hadi kufikia makumi ya maelfu. Huyu anayekwenda kuchuma stroberi kwa miezi isiyozidi sita ni mwajiriwa, ana mkataba na kima cha chini cha mshahara. Kadhalika, Kenya ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba ingepeleka vibarua 1,500 kwenye mashamba ya Israeli, iliitangaza kama ajira yenye ujira. Mtu anaweza kuulizia usalama, makato na mawakala wa ajira hizo, lakini ni ajira.

Cha pili ni mafunzo kazini. Vijana wawili wa Kitanzania waliouawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, walikuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo kwa vitendo. Taarifa za siku zile ziliwaita mara wanafunzi, mara wafanyakazi, na mkanganyiko huo haukuwa wa waandishi peke yao. Mwanagenzi hushika zana zilezile anazoshika kibarua, kwenye tuta lilelile. Kinachomtofautisha ni kuwepo kwa mtaala, msimamizi na cheti, na mara nyingine hivyo vyote huwepo kwenye karatasi tu.

Cha tatu kiko kwetu, na ndicho kinachotia ukungu zaidi. Katika Tanzania ya leo kujitolea kumekuwa foleni ya kusubiri ajira. Mwalimu aliyehitimu anafundisha shule ya kata bila mshahara akitumaini jina lake litatoka. Muuguzi anashika zamu kwenye zahanati kwa posho ya nauli. Mtu aliyezoea kujitolea kwa namna hiyo akiona tangazo la shamba la Ufaransa hudhani kwamba mwishoni mwa foleni pana kazi. Hapana. Mkulima yule hana nafasi ya kuajiri, na kama angekuwa nayo asingetangaza kitanda na chakula.

Wanaoutetea wana hoja nzito kuliko wapinzani wanavyokiri

Shamba dogo la kilimo hai halina dawa ya kuua magugu. Kitakachoyaondoa ni mkono, jembe dogo na mgongo uliopinda. Karoti ndiyo mfano mzuri: huota polepole, majani yake machanga ni membamba kama uzi, na magugu huiwahi. Kwa majuma ya mwanzo mtu hutambaa kwa magoti kwenye tuta akitenganisha jani na jani. Mkulima mwenye ekari mbili za mboga mchanganyiko hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake, na bei anayopata sokoni haimruhusu kumlipa mtu wa kuifanya. Anashindana na mkulima mkubwa mwenye trekta na dawa, mbele ya mnunuzi anayetazama bei ya kilo.

Hoja ya pili ya watetezi ni kwamba mgeni si mkono wa bure. Siku za mwanzo ni hasara. Mgeni aliyetoka mjini huing'oa karoti pamoja na gugu, hukanyaga tuta lililokwisha kupandwa, hugeuza mboji kabla haijapata joto la kuua mbegu za magugu, au hushika fyekeo kwa namna ambayo mwenyeji inabidi aache shughuli zake asimame pembeni. Mwenyeji hupika zaidi, hufua mashuka, hujibu maswali usiku akiwa amechoka. Mgeni akiondoka baada ya siku kumi, aliyepata faida ni yeye.

La tatu ni maarifa yenyewe. Kilimo hai ni ujuzi wa macho na vidole: kujua udongo umekauka kiasi gani kwa kuufinya, kujua lundo la mboji limeiva kwa harufu, kujua jani limeliwa na nani. Mambo hayo hayafundishiki darasani kwa juma moja. Vijana wengi waliokuja kuwa wakulima Ulaya na Amerika ya Kaskazini walipitia njia hii kwa sababu hawakuzaliwa na shamba, na chuo cha kilimo kiliwafundisha mashamba makubwa ambayo wasingeweza kuyanunua kamwe.

Udhaifu wa utetezi huu uko mahali pamoja, nao ni mkubwa. Hoja ya kwanza na ya pili zinapingana. Kama mgeni ni mzigo, basi hawezi kuwa ndiye anayeliokoa shamba. Kama ndiye anayeliokoa, basi si mzigo, na anastahili ujira. Watetezi huitoa hoja moja wakizungumza na serikali na nyingine wakizungumza na wanunuzi wa mboga zao.

Wanaoupinga, na sheria walizoshika mkononi

Wapinzani huanza na kanuni nyepesi: chakula na malazi ni malipo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1985, katika shauri la taasisi ya kidini ya Tony na Susan Alamo, kwamba watu waliofanya kazi katika biashara za taasisi hiyo kwa kupewa chakula, mavazi na makazi walikuwa wafanyakazi wanaolindwa na sheria ya kima cha chini, hata kama wenyewe walisisitiza kwamba wanajitolea. Mantiki ya majaji ilikuwa ya kuangalia mbali. Ukimruhusu mtu kukataa mshahara kwa hiari, mwajiri mbaya atawashinikiza wote wakatae kwa hiari.

New Zealand ilikwenda moja kwa moja. Kanuni zake za uhamiaji huhesabu kuwa kazi shughuli yoyote inayofanywa kwa faida au ujira, na hutaja wazi kwamba chakula na malazi ni ujira. Mgeni wa shamba pale anahitaji viza inayoruhusu kazi, atabasamu asitabasamu. Uingereza nayo, katika Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 1998, iliwaondoa watu wanaojitolea kwenye madai ya mshahara pale tu wanapozitumikia asasi za hisani, taasisi za kujitolea na za umma. Shamba la mtu binafsi linalouza mboga si asasi ya hisani. Mgeni mwenye viza ya matembezi anaruhusiwa kujitolea kwa siku zisizozidi 30, nako ni kwa asasi ya hisani iliyosajiliwa.

California ilitoa somo lililowatisha wengi: kiwanda kidogo cha mvinyo cha Castro Valley kilichokuwa kikiwatumia watu wa kujitolea kilitozwa na jimbo zaidi ya dola 100,000, na wenyewe wakaona bora wafunge. Lakini sheria ya shirikisho ya Marekani ina tundu la kustaajabisha. Shamba linalotumia chini ya siku-kazi 500 katika kila robo ya mwaka limesamehewa kima cha chini cha shirikisho. Kwa hiyo shamba dogo linaweza kuwa salama mbele ya sheria ya Washington na kuwa na hatia mbele ya sheria ya jimbo lake.

Australia ndiyo iliyoonyesha jinsi mpango mzuri unavyoharibika. Vijana wenye viza ya likizo na kazi walitakiwa kufanya siku 88 za kazi maalumu vijijini ili waongezewe mwaka wa pili, na kujitolea shambani kulikubaliwa kama sehemu ya siku hizo. Kilichofuata kilikuwa cha kutarajiwa. Mwenye shamba akawa na kalamu ya kutia sahihi, mgeni akawa na hitaji la sahihi, na hiari ikafia hapo. Baada ya ripoti za unyonyaji kutikisa nchi, kuanzia Desemba 2015 kazi isiyolipwa iliacha kuhesabiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakulima hawakugeuka waovu ghafla. Serikali iliiweka thamani ya viza mikononi mwao, na kila kilichoitwa hiari kikawa na bei.

Wapinzani pia wana hoja ya soko ambayo hainukuliwi vya kutosha. Mkulima anayelipa vibarua wake kwa haki hushindana na jirani anayepaliliwa bure. Wote wawili huuza kabichi soko lilelile. Kadiri wageni wanavyokuwa wengi, ndivyo anayelipa anavyoonekana mjinga.

Udhaifu wao? Huwa wanaliona kila jembe kama ajira. Kanuni ya New Zealand ikishikwa kwa ukali, binamu aliyekuja kwa mwezi na kusaidia kuvuna vitunguu ni mfanyakazi haramu. Sheria inayomfanya binamu kuwa mhalifu haitatekelezwa kwa binamu. Itatekelezwa kwa mgeni mwenye rangi na pasipoti isiyopendeza.

Hesabu ya Sussex na hesabu ya Lushoto

Hapa ndipo mjadala hukosa tarakimu, na tarakimu ndizo zinazoamua. Chukua mgeni wa saa 25 kwa juma. Uingereza, kima cha chini kwa mtu mzima kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa juma hilo mgeni angestahili pauni 305. Sheria yao inamruhusu mwajiri kukata malazi, lakini kwa kiwango ambacho mwaka huo hakikuzidi pauni 10.66 kwa siku, yaani takriban pauni 75 kwa juma. Chakula hakihesabiki kabisa. Panabaki pengo la pauni 230 kila juma. Hata ukikisia chakula kwa ukarimu, na ukaongeza thamani ya masomo, mgeni aliyekwisha kuijua kazi anampa mwenyeji zaidi ya anachopokea.

Sasa hamia Lushoto. Amri ya Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo Tanzania Bara kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa mwezi wa saa 195, hiyo ilikuwa kama shilingi 718 kwa saa. Mgeni wa saa 25 kwa juma hufikisha saa 108 kwa mwezi, yaani takriban shilingi 77,500. Gawa kwa siku 30 upate kama shilingi 2,600. Kwa fedha hiyo mwenyeji anatakiwa amlaze mgeni, ampe chai na kitafunwa asubuhi, wali au ugali mchana, na chakula cha usiku, tena mgeni ambaye kwa mila zetu hapewi kiporo. Mwenyeji wa Lushoto anapata hasara kabla jua halijatua.

Mpango uleule, saa zilezile, umegeuka. Ndiyo maana baadhi ya wenyeji wa Afrika Mashariki humwomba mgeni mchango wa fedha kwa siku, jambo linalowashangaza wageni waliozoea utaratibu wa Ulaya na hata kuwafanya walalamike kwamba wameuziwa. Hawajauziwa. Wameombwa kulipia tofauti ambayo bei ya kazi ya nchi maskini haiwezi kuibeba.

Hasara haiishii kwa mwenyeji. Pale Sussex mikono ni adimu. Ndiyo sababu serikali inaagiza wachumaji kwa maelfu kutoka nchi za mbali. Pale Lushoto mikono ipo, isipokuwa wakati wa palizi ambapo kila mtu yuko kwenye shamba lake. Na likizo za vyuo vya Ulaya huangukia Julai na Agosti, wakati mashamba mengi ya mvua yamekwisha kuvunwa na vijana wa kijijini wanatafuta ngwe ya kulima kwenye bustani za umwagiliaji. Mgeni akiichukua ngwe ile, jirani amepoteza kibarua cha siku. Mgeni hatalijua hilo. Jirani atalijua, na atanyamaza kwa sababu ni mgeni wa mtu.

Je, si ujima tu?

Kuna msimamo wa tatu, unaopendwa na wazee na wasomi wa utamaduni: kwamba hili si jipya, ni ujima uliovaa koti la kigeni. Waafrika wamelimiana siku zote. Wapare na Wasambaa waliitana kwenye msaragambo. Wasukuma walilima kwa vikundi, na bugobogobo, ngoma yao ya majembe, imetokana na kazi hiyo. Aliyelimiwa alitoa chakula na pombe, na hakuna aliyemwita mwajiri.

Msimamo huu una mvuto, na una kosa. Ujima uliendeshwa na zamu. Leo kwangu, kesho kwako, na anayekunywa pombe za watu bila kuonekana kwenye mashamba ya wenzake alijulikana kijiji kizima. Mgeni wa kujitolea hana shamba ambalo mwenyeji atakwenda kulilima. Deni lake halina njia ya kurudi. Methali iliyo karibu zaidi na hali yake ni ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nayo ilikuwa na kazi ya kumkumbusha mgeni kuondoka kuliko kumsajili. Hakuna aliyekusudia jembe lile likae mkononi miezi mitatu.

Hata hivyo msimamo huu unashika jambo ambalo wanasheria hulikosa: uhusiano. Mgeni anayekula meza moja na wenyeji, anayefahamu kwa nini jirani amekatiwa maji ya mfereji na mbuzi yupi anaumwa, hafanyi kitu kilekile anachofanya mtu aliyewekwa kwenye banda na wenzake kumi na kupewa ratiba ukutani. Idadi ya wageni kwa wakati mmoja husema mengi. Shamba lenye wageni wawili linapokea wageni. Shamba lenye wageni kumi na wawili, mwaka mzima, lina kikosi.

Muda ndio unaoibadili sura

Kanada imejaribu kuchora mpaka kwa akili. Mwongozo wake wa uhamiaji hukubali mtalii akae kwenye shamba la familia, afanye kazi kidogo kwa chakula na malazi bila kibali cha kazi, mradi shamba hilo si la biashara na kukaa kwenyewe ni kwa muda mfupi, juma moja hadi manne. Likiwa shamba la biashara, au siku zikizidi, ni kazi. Vigezo viwili tu, vyote vinapimika.

Sheria ya Tanzania haizungumzii wageni wa mashambani, lakini ina kifungu ambacho wenyeji wengi hawakijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa zilizoorodheshwa. Miongoni mwake: namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa zana, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mgeni wetu wa saa 108 kwa mwezi amekipita kigezo hicho mara mbili na zaidi. Akikaa miezi mitatu, na jembe ni la mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayesema leo tunapalilia kabichi, dhana ya ajira imemwangukia mwenyeji kichwani.

Na hilo si jambo la vitabuni. Panga likimteleza mgeni likamkata mguu, nani analipa hospitali? Mwajiriwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayejitolea hayumo. Chama cha Italia kilijibu swali hili kwa kuunganisha bima na ada ya uanachama, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitu cha maana zaidi ambacho chama chochote cha namna hii kimefanya. Mengine mengi ni maneno mazuri kwenye kipeperushi.

Ukiutazama muda pamoja na faida, utaona kwamba husogea sambamba. Juma la kwanza mwenyeji anatoa. Juma la tatu wanalingana. Mwezi wa pili mgeni, ambaye sasa anajua karoti na gugu, anatoa kuliko anavyopokea. Kwa hiyo kipimo kinachofaa hakiulizi mtu anaitwaje wala kama alifurahi. Kinauliza: akiondoka kesho asubuhi, shamba litayumba? Kama mazao yatapotea kwa kukosa mikono yake, yule ni mfanyakazi, na alipaswa kulipwa kabla ya leo. Kama shamba litaendelea kama kawaida, basi alikuwa mgeni au mwanafunzi.

Kwa kipimo hicho, mashamba mengi madogo ya Ulaya yatashindwa, na yanapaswa kukubali kwamba bei ya mboga zao ni ndogo mno au shamba lenyewe halijitoshelezi. Ni jibu chungu, kwa sababu watakaofunga kwanza ni wale wanaoitunza ardhi vizuri. Lakini kuifidia bei mbaya kwa kazi ya bure ya vijana ni kuliahirisha tatizo, si kulitatua. Kwa Afrika Mashariki mashamba mengi yatafaulu kipimo, na swali linahamia kwa jirani: mgeni apewe kazi isiyokuwa riziki ya mtu. Kuna kazi nyingi za namna hiyo. Kupima shamba, kuandika kumbukumbu za mavuno, kusaidia kikundi kujaza makaratasi ya kupata alama ya Kilimohai ya kuthibitisha mazao ya kilimo hai, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2007 na ambayo makaratasi yake huwashinda wakulima wengi kuliko masharti yake ya shambani.

Mlango unaofunguka upande mmoja

Limebaki suala ambalo watetezi wa mabadilishano hulikwepa. Kijana wa Ujerumani anaweza kuomba viza ya Tanzania mtandaoni na kuja. Akitaka kujitolea kihalali, kibali cha ukaazi Daraja C kinawataja watu wa kujitolea pamoja na wanafunzi, watafiti na wamisionari. Kijana wa Lushoto akitaka kulipa ziara hiyo, ataombwa taarifa za benki, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na uthibitisho kwamba atarudi. Barua ya mkulima wa Bavaria kwamba atampa kitanda na supu haitamsaidia, na inaweza kumponza kwa kumfanya aonekane anakwenda kufanya kazi kinyemela. Orodha za nchi ambazo vijana wake hupewa viza ya likizo na kazi ya Australia hazina nchi hata moja ya Afrika.

Kwa anayeuliza Dodoma au Kisumu, basi, majibu yanatengana. Anayetaka fedha atafute kazi ya msimu yenye mkataba na asome makato kabla ya kutia sahihi. Anayetaka kuhamia asipitie shambani kwa viza ya matembezi, kwa sababu akikamatwa ataandikwa mvunja sheria, na rekodi hiyo humfuata kwenye kila ombi la viza. Anayetaka ujuzi wa kilimo hai anao karibu: shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011, lina kituo cha kufundishia wakulima Vianzi, nje ya mji wa Morogoro, ambako mboji, matuta ya makinga maji na dawa za mimea hufundishwa kwa Kiswahili, kwenye udongo wa nchi hii, na mwanafunzi hahitaji kumweleza ofisa yeyote kwa nini amekuja.